Sindano Aliyoombewa

Wenzake kliniki wanamwita Bi Spika, na hajawahi kununa kwa jina hilo. Sauti yake humfikia mtu aliye barabara ya pili. Nesi huyu ndiye msimamizi wa chumba cha vijana, chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu mpaka alipomganda mganga mkuu kama kupe akapewa funguo. Alikipaka rangi mwenyewe. Kibao cha mlangoni kilichotangaza shida za wanaoingia kwa herufi kubwa aliking'oa mwenyewe, maana, alisema, binti gani mwenye akili timamu atapita chini ya maandishi yale huku jirani yake amekaa hapo nje anasubiri kupimwa presha? Vijana wakaanza kuja: wauza maji, mabinti wa kazi za ndani, hata wale waliofukuzwa kwao. Bi Spika akawa anatembea kifua mbele, na alistahili.

Basi siku moja akaingia shangazi mmoja mwenye mkoba mkubwa, amemshika mkono binti wa miaka ishirini na ushee, mshonaji nguo, kiziwi tangu utotoni. Shangazi ndiye aliyemlea.

"Sista, mwanangu huyu anataka sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu."

Bi Spika akauliza maswali yake, shangazi akayajibu yote, binti akachomwa. Alipokwisha kuchomwa akaugusa mkono wake uliochomwa, kisha akaanza kueleza jambo kwa vidole, maelezo marefu, uso umekunjamana, macho yote kwa nesi.

"Anasemaje?"

"Anasema asante."

Asante gani ndefu namna ile? Bi Spika alikwenda na swali hilo hadi nyumbani, akakaa nalo mezani bila kula. Mumewe akadhani anaumwa, kwa vile nyumba ile haikuzoea ukimya. Ndipo ilipomjia kwamba chumba chake chote kizuri kilimkaribisha anayeweza kusema, basi. Binti yule hakukaribishwa na mtu. Aliyekaribishwa ni shangazi yake, na hilo lilimuuma sana.

Nyuma ya kliniki kuna karakana ya fundi seremala ambaye naye ni kiziwi, mtengenezaji wa mabenchi yao. Bi Spika akamwandikia kwenye kipande cha boksi: nifundishe lugha ya alama. Fundi akamtazama juu mpaka chini, akacheka hadi akalazimika kukaa. Lakini alikubali. Tangu hapo, wenzake walipokwenda kula mchana, yeye alikuwa karakanani, mwanamke aliyezoea kuendesha dunia kwa koo lake, sasa anabembeleza vidole vilivyokakamaa. Kila alipochezesha midomo badala ya mikono, fundi alimrushia maranda usoni.

"Bi Spika, umekatiwa umeme?" wenzake walimtania.

Aliendelea kukunja vidole. Alikuwa na kazi.

Siku ya sindano ya pili ikafika, na shangazi akarudi na binti.

"Dada yangu, leo naomba utusubiri nje kidogo."

"Nje? Sasa huyu ataongea vipi bila mimi?"

Bi Spika alimgeukia binti, akasema kwa alama: Mimi ni nesi wako. Wewe unataka nini leo?

Binti akamkodolea macho. Shangazi mkoba ulimponyoka, akauokota, akatoka bila kusukumwa.

Alama za Bi Spika zilikuwa za mtoto wa chekechea, na palipokwama walichora. Hata hivyo mambo yakatoka. Shangazi alikuwa amemwambia binti, kwa ishara zao chache za nyumbani, kuwa ile ni sindano ya kuumwa kichwa. Tangu achomwe, hedhi imevurugika, na anadhani ana ugonjwa mbaya unaofichwa asiujue. Bi Spika akamweleza polepole sindano ile ni ya nini hasa, kwamba hedhi huvurugika hivyo na wala haumwi, na kwamba mkono uliomchoma bila kumuuliza ni huu wake. Akamwomba radhi.

Binti hakulia. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Akauliza: Nikikataa?

Sindano inarudi kabatini.

Na nikiitaka siku nyingine?

Utakuja. Utaniambia mwenyewe.

Binti akafikiri, akasema leo hataki. Kisha akaomba shangazi aitwe, mlango ufungwe, na nesi amwazime sauti. Bi Spika akaishusha sauti yake mpaka ikawa ndogo, akalitoa kila neno kama lilivyokuja kutoka mikononi mwa binti.

"Shangazi, umenilea, sijasahau. Lakini mwili huu ni wangu. Kama unaniogopea, niambie mimi. Usiniombee tena sindano nisiyoijua."

Shangazi alikaa kitini kama mzigo uliotuliwa. "Niliogopa, sista," akasema. "Wako wanaume wanaomtafuta binti asiyeweza kupiga kelele. Nikaona nimkinge kimyakimya. Mwambie anisamehe."

Hayo nayo Bi Spika aliyafikisha kwa vidole, yote isipokuwa neno la mwisho.

"Habari za kumlinda tutazizungumza, yeye akiwepo," alimwambia shangazi. "Lakini hilo la msamaha simwambii. Mwambie wewe."

"Sijui linasemwaje!"

"Muulize mwenyewe."

Shangazi akasimama mbele ya binti, mikono wazi, hajui aipeleke wapi. Binti alimwacha ahangaike kidogo. Halafu akamshika mkono, akaukunja ngumi, akauweka kifuani pa shangazi na kuuzungusha taratibu. Shangazi akairudia alama ile ya kuomba radhi peke yake, mara moja, na tena, na Bi Spika, fahari imemjaa, hakuongeza hata neno.