Injini ya Mzee Andongwisye

Abdulrahim, mzaliwa wa Tanga, ni fundi wa malori pale Tunduma, lakini moyo wake uko kwenye injini za Kimarekani za zamani, zile za silinda nane. Huzisoma kwenye simu na kubishana juu yake na watu asiowajua. Ndiyo maana mama mmoja, Tukuswiga, alipomwomba akague gari la zamani la baba yake, alifunga gereji wakaenda wote kijijini kwao Igamba.

Kwenye banda la kuhifadhia kahawa lilikuwamo gari la Ford Mustang la mwaka 1967. Baba yake Tukuswiga, Mzee Andongwisye, alirudi nalo kutoka Ndola, Zambia, alikokuwa akishindana mbio za magari enzi za ujana. Sasa kiharusi kilikuwa kimemwachia neno moja tu.

"Nataka wanangu wajue historia yake babu yao angali hai," Tukuswiga alisema. "Siku zote alituambia injini ni ileile ambayo gari lilitoka nayo Marekani."

Abdulrahim aliifungua, akapima mwendo wa pistoni, akarudia kupima. Ilikuwa ile ya ukubwa wa inchi za ujazo 302, na Ford walianza kuiweka kwenye Mustang za mwaka 1968, si za 1967. Basi ilibadilishwa. Na namba za utambulisho kwenye bloku, mwili wa injini, mtu alikuwa amezisaga kwa tupa, asili yake isijulikane.

Akachuchumaa mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee. Injini hii uliifunga wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ilitoka Afrika Kusini, kulikouzwa injini kama hizi?"

"Ndiyo."

"Au ilikuja na gari kutoka Marekani?"

"Ndiyo." Mzee akamshika mkono kwa nguvu, midomo ikahangaika, kisha akajipiga paja kwa mkono ule mzima. Machozi yakamtoka. Alikuwa anajua kila kitu.

Abdulrahim akamwonyesha picha za magari yenye injini kama ile kwenye simu, moja baada ya nyingine. Mzee akaitikia zote.

"Mwache, fundi," Tukuswiga akasema. "Anaumia."

"Nisamehe, dada. Ninachokijua ni kwamba ilibadilishwa. Nani aliibadilisha, na kwa nini, sina namna ya kujua."

Akairudishia injini boliti zake taratibu, mzee akimtazama hadi mwisho.

Mzee Andongwisye alifariki kabla mahindi hayajakauka. Msibani Abdulrahim aliwauliza wazee waliowahi kuishi Ndola. Walimkumbuka Andongwisye na kelele za gari lake. Habari za injini hakuna aliyezijua. Wakati wa kuagana, Tukuswiga alimuuliza kama amepata lolote.

"Hapana, dada," akajibu. "Wanalikumbuka gari tu. Habari za injini mzee ameondoka nazo."