Mtoto Aliyeandikwa Hayupo

Mdomo wangu hauna breki, na sitaki kumsingizia mtu. Nauza chakula Malaba, mpakani, kando ya foleni ya malori, na kazi hiyo haitaki mtu wa polepole. Foleni ikisogea kidogo tu, dereva anarukia lori lake na kuacha sahani. Kwa hiyo nimezoea kuwamalizia wateja maneno. Dereva wa Uganda akisema, "Mama, nipe po—", posho, yaani ugali wao, na maharagwe vimeshafika mezani.

Binti yetu alipoanza kupata kigugumizi, akiwa gredi ya tatu, nilimhudumia kama dereva. Akisema, "Mama, nataka ma—", nampa maji. Akitikisa kichwa, nampa maziwa. Mara nyingi alikunywa tu ili yaishe.

Mama mkwe akaja kutoka Sigalame na tiba yake: mtoto anyweshwe maji kwa kengele ya ng'ombe, asubuhi tatu mfululizo. Tukaazima kengele kwa jirani. Mtoto akanywa, kigugumizi kikabaki palepale, na ng'ombe asiye na kengele akaingia shamba la kanisa akafyeka sukuma wiki ya padri bila mtu kumsikia. Mama mkwe akasema kosa ni letu, kengele ilikuwa ndogo.

Kisha mwalimu akaniita. Rejista ilionyesha binti yangu hajafika shule siku kumi.

"Siku kumi?" Nikawaka. "Mwalimu, huyu mtoto namfikisha hapo geti kila asubuhi na hii miguu yangu!"

"Mama, watoto ni wengi. Nikiita jina nisisikie kitu, naandika hayuko."

Nilirudi nyumbani roho mkononi. Kichwani nilishamwona mtoto akizurura katikati ya malori yanayorudi nyuma. Jioni tukamkalisha, mimi na baba yake.

"Ukitoka hapa unaendanga wapi?"

"Mi-mi-mi—"

"Mpakani! Baba watoto, huyu anavuka mpaka!"

Mtoto akatikisa kichwa. "M-mi-mi—"

"Mtoni? Na nani? Nani amekufundisha kwenda mtoni?"

Mume wangu si mtu wa maneno. Alichukua chapati kwenye sahani, akaikunja mara nne, akaniingizia mdomoni yote.

"Tafuna, mama watoto," akasema.

Nikatafuna kwa hasira. Chapati zangu ni nzito, madereva wanazisifu kwa hilo, na mtoto akapata muda wote aliouhitaji.

"Mi-mi-mimi nasemanga nipo," akasema. "La-lakini nikimaliza, m-mwalimu ameshafika kwa mwingine."

Siku zote kumi alikuwa darasani, kwenye dawati lake, na siku za mwisho za hizo kumi alikuwa ameacha hata kujaribu. Nililia, nasema wazi. Mwalimu nilikuwa nimemtukana moyoni njia nzima, kumbe aliyeanza kumruka huyu mtoto ni mimi mama yake.

Asubuhi tukaenda shule, mimi na mtoto. Nilimweleza mwalimu, naye, Mungu ambariki, akamwomba mtoto msamaha mbele ya wenzake. Mimi nikaambiwa niende nyumbani. Nikaenda hadi dirishani.

Jina likaitwa.

"Ni-ni—"

Ulimi ukaniwasha. Nikajiziba mdomo kwa leso, nikahesabu madawati, nikamwomba Mungu.

"Ni—"

"Yupo!" nikapiga kelele kutoka dirishani.

Watoto wakaangua kicheko. Binti yangu akanigeukia, macho makavu, bila haraka yoyote.

"Mama," akasema, "si-si-sijamaliza."

Kicheko kikakatika. Akamgeukia mwalimu, akaanza upya, pale mwanzoni kabisa. Mwalimu akangoja na kalamu yake hewani, nami nikangoja, mpaka akafika.