Mama alimeza dawa za watoto wote watatu asimuudhi hata mmoja

Wakuu, salaam. Haya yametokea nyumbani kwetu Muleba mwaka huu. Chumvi sijaweka, na sehemu nyingine zinaniaibisha mwenyewe.

Mama yetu ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua. Ukimwambia apumzike anaitikia vizuri kabisa. Ukigeuka tu, yuko kibanjani anakata majani ya migomba.

Tumezaliwa watatu. Mimi niko Bukoba mjini, Nshambya. Dada yangu Editha yuko Mwanza, na mdogo wetu Deus yuko Dar.

Mama alipolalamika magoti kwenye simu, kila mmoja akakimbilia duka la dawa la karibu naye. Mimi nikanunua diclofenac. Editha akatuma ibuprofen kwa basi. Deus, ambaye hapendi kushindwa, akatuma meloxicam na maelezo marefu kwamba hiyo ndiyo ya kisasa.

Hatukuambiana. Kila mtu alijiona ndiye anayemjali mama kuliko wenzake.

Sasa kila tukipiga simu, swali letu lilikuwa hilo hilo: "Mama, dawa yangu unatumia?"

"Natumia waitu, Mungu akubariki." Kwa Kihaya, waitu ni kama kusema mpendwa wetu.

Na kweli alikuwa anatumia. Zote tatu! Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, tumboni hamna kitu zaidi ya punje chache za kahawa ya kutafuna.

Magoti yalitulia, sikatai. Tukajipongeza.

Jumamosi moja nikaenda kumsalimia, nikapita Kemondo kununua samaki. Nilimkuta kibanjani amekaa chini, ameegemea mgomba, midomo imepauka. Akajaribu kunyanyuka anipokee, akayumba, nikamdaka. Samaki waliishia huko huko kibanjani.

Hata kwenye hali ile hakukubali kuondoka bila mkoba wake. Mnawajua mama zetu.

Njiani ndipo akaniambia kwamba kwa siku kadhaa choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Alidhani dawa inatoa uchafu mwilini, kwa hiyo akaona inafanya kazi.

Hospitali wakapima, damu imeshuka vibaya. Alikuwa anavuja damu tumboni. Akalazwa, akaongezewa damu, na mimi kwenye benchi nikasali rozari ambayo sikuwa nimeishika tangu kipaimara. Wakuu, niliogopa kumpoteza mama yangu.

Alipopata nguvu kidogo, daktari akaomba kuona dawa zote anazotumia. Mama akafungua mkoba. Bahasha tatu ndogo, kila moja ameandika jina la mtoto kwa kalamu.

Daktari akazipanga kitandani. Akasema majina ni matatu lakini ukoo ni mmoja, na hazinywewi pamoja. Zinatuliza maumivu na uvimbe, ila zinaweza kuchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na kwa mtu mzima wa umri wake hatari inapanda. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo, presha au figo aseme kabla hajapewa. Hata ukipewa moja tu, unakula kwanza, na dozi na siku anapanga mtaalamu.

Nikamuuliza mama, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hakuchagua moja.

"Mwanangu, kila mkipiga mnaniuliza kama nakunywa. Nimdanganye yupi kati yenu?"

Nilitoka nje nikalia.

Sasa hivi yuko nyumbani, salama. Anatumia dawa ya kuponya tumbo, paracetamol kwa kiasi alichoandikiwa, na mazoezi ya magoti anayoyafanya akiwa amenuna. Deus bado anabisha kwamba yake ilikuwa ya kisasa.

Nilichojifunza ni hiki: dawa ya maumivu si zawadi ya kutuma kama sukari. Na choo cheusi au kizunguzungu kwa mtu anayemeza dawa hizi, usisubiri kesho, mpeleke hospitali.

Ukipiga simu nyumbani, usimuulize mama kama anatumia dawa yako. Muulize anatumia zipi.

Wataalamu mliomo humu nirekebisheni nilipoteleza, na wenye wazazi wa aina hii semeni mnaishi nao vipi.

Leo asubuhi nimempigia. Kabla sijamaliza salamu akaniwahi: "Nimekula kwanza, waitu."