Ukiligonga, Umelinunua

Mjomba wangu ana tabia ya kutoa hukumu kwa simu. Yeye yuko Dar, chini ya feni, sisi tuko Moshi, chini ya hukumu. Ile ya likizo ya Juni ilikuwa hivi: kama shule zitafunguliwa kabla Mama hajapata gari la kumpeleka Bibi kliniki, atakuja kumchukua Bibi akaishi naye Dar.

Bibi ana kidonda mguuni ambacho lazima kioshwe hospitali kila wiki. Alikuwa akishuka kutoka Kibosho kwa bodaboda, mpaka siku walipoangukia mtaroni. Aliinuka, akamchapa dereva kwa bakora, ndipo akakumbuka kulia. Tangu hapo hakuna bodaboda aliyekubali kumbeba, na sidhani kama ni kwa sababu ya kidonda.

"Dar nitakufa na joto," alimwambia Mjomba, "halafu mtanirudisha hapahapa kihambani ndani ya sanduku. Si bora nibaki tu, tuokoe nauli?"

Kihamba chake, shamba la ukoo, kina migomba, kahawa, ng'ombe mmoja mwenye kiburi, na kaburi la Babu nyuma ya jiko. Kila asubuhi Bibi humsimulia Babu habari za mjini, hasa habari zangu mbaya. Nilijaribu kumwazia akiwa amekaa kwenye kochi la Mjomba, hana wa kumsimulia habari zangu. Nilishindwa.

Basi tukaanza kutafuta gari. Mama ni fundi cherehani Majengo, na leseni yake ilikuwa bado inanuka upya. Alijifunzia kwenye kichochoro chetu, ambacho hakina pa kugeuzia: ukiingia kwa mbele, utatoka kinyumenyume. Kwa hiyo kurudi nyuma alikuwa bingwa. Kwenda mbele ndiko kulikomtesa. Aliligonga geti la mwenye nyumba wetu, geti lililosimama pale tangu sijazaliwa, kwa hiyo hakuweza hata kusema lilikatiza ghafla.

Kwa sababu ya geti hilo, Mama hakutaka kusikia habari ya bima ndogo. Dada wa ofisi ya bima alitueleza taratibu, kama anayewaelekeza wagonjwa: bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako shauri yako. Bima kubwa inalipa mpaka la kwako, ila inahesabiwa kwa thamani ya gari, na gari likizeeka sana hawaligusi.

"Kwa hiyo tunatafuta dogo, lisilo na makuu, ila lisiwe zee," nikasema. "Kama mchumba."

Dada wa bima alicheka. Mama alinikanyaga chini ya meza.

La kwanza tulilitazama Kwa Sadala. Liliunguruma kama tingatinga, na mwenyewe aliapa kwamba linapanda ukuta. Mjomba alilipenda kwenye picha. Lakini lilikuwa zee kiasi kwamba dada wa bima, nilipompigia na kumsomea mwaka, aliniuliza kama natania. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa sitanii.

La pili lilikuwa kwenye yadi moja ya magari hapa mjini. Jeupe, dogo, aina ile watu wanayoiita bebi woka. Dada wa bima alilikubali, na bima yake kubwa Mama aliimudu.

"Hili lilikuwa la mwalimu mmoja, mama mtu mzima," dalali wa pale alisema. "Analipeleka kanisani, analirudisha. Basi."

Nilichungulia kilomita kwenye dashibodi. "Mangi, kanisa lake liko Kongo?"

Dalali alimgeukia Mama. "Huyu ni wako?"

"Nilimwokota," Mama alijibu.

Hata hivyo Mama hakununua. Alisema gari ni la Bibi, kwa hiyo litajaribiwa kwenye mlima wa Bibi, siku ya kliniki, Bibi akiwemo. Likifika kihambani, analipa. Likishindwa, basi. Zilikuwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe, na hakukuwa na gari la tatu. Dalali alikubali, akaweka sharti moja.

"Usukani ukitaka utashika, mama. Ila lina bima ndogo tu. Ukiligonga, umelinunua."

Siku ya kliniki tulimteremsha Bibi kwa gari la jirani aliyekuwa akienda mjini, akaoshwa kidonda, akafungwa bandeji nyeupe safi. Kisha tukafanya kosa. Kwetu huwezi kupanda nyumbani mikono mitupu, hata kama umetoka huko asubuhi. Mama alinunua magunia mawili ya pumba za ng'ombe, akaongeza sukari na sabuni. Vyote vikaenda kwenye buti, mpaka gari likakaa matako chini, pua juu.

"Hili ni gari au lori?" dalali aliuliza, akiwasha.

Kwenye lami lilikwenda vizuri. Dalali alianza hata kuimba. Tulipoiacha lami tukakuta udongo mwekundu, na manyunyu ya Juni, yale yasiyoisha, yalikuwa yameulainisha kama ugali wa mgonjwa. Kilima cha mwisho kabla ya kwa Bibi kina korongo upande wa kushoto. Hakina ukingo. Kina mikahawa michache tu, na mikahawa haijawahi kuzuia gari.

Katikati ya kilima magurudumu ya mbele yalianza kuzunguka bure. Gari lilitetemeka, likasimama. Halafu, polepole kabisa, likaanza kurudi.

"Jiwe!" Mama alipiga kelele. "Tia jiwe!"

Niliruka nje, nikanyakua jiwe na kulisukuma nyuma ya gurudumu. Gari lililipanda kidogo, likatulia. Nilipotazama kushoto niliona vilele vya migomba ya mtu mwingine, chini kabisa. Ndani, Bibi alikuwa kwenye rozari, na Salamu Maria zilikuwa zimeongezeka mwendo.

Simu yake ikaita, akapokea. Mjomba, tena kwa video.

Dalali alishuka, akatazama matope. "Gari halijashindwa," alisema. "Barabara ndiyo imeshindwa. Bibi ashuke amalizie kwa mguu, mimi nirudi mjini."

"Kwa mguu upi?" Mama aliuliza.

Bandeji ya Bibi ilikuwa nyeupe mno kwa udongo ule. Mjomba alisema kwenye simu, kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Mnaona sasa? Nitakuja Jumamosi. Mama, andaa nguo zako," akamwambia Bibi.

Bibi aligeukia dirishani. Alitazama juu ya kilima, ambako paa la jiko lake lilikuwa likionekana. Ningeweza kustahimili kila kitu siku ile isipokuwa macho yale, na mimi nikitaka kulia huwa nafanya utani.

"Tuligeuze basi," nikasema. "Kama ng'ombe wa Bibi."

Ng'ombe yule haingii bandani kwa kichwa. Ukimvuta, anaota mizizi. Ukimgeuza na kumsukuma kifuani, anaingia kinyumenyume mwenyewe, kama malkia.

Bibi alisimamisha Salamu Maria katikati. "Geuzeni," alisema.

"Bibi, hili ni gari," dalali alisema.

"Ukaidi ni uleule."

Haikuwa ujinga. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyokuwa yakivuta, na sisi tulikuwa tumepakia nyuma. Pua ikitazama bondeni, uzito ungeyaegemea yale yanayovuta. Mwalimu wangu wa fizikia angejivunia, kama asingekuwa amenitoa nje siku ya somo hilo.

Dalali aliliteremsha taratibu mpaka chini ya kilima, kwenye tambarare penye bomba la maji, akaligeuza. Halafu akakaa tu, mikono mapajani. "Kurudi nyuma kwenye korongo lile siwezi. Mimi nina watoto."

Mama alivua viatu. "Toka."

"Mama, ukili—"

"Nimelinunua. Nimesikia."

Nilitembea kando ya gurudumu nikikumbatia jiwe langu. Mama aligeuza shingo, mkono mmoja nyuma ya kiti, uso ule anaokuwa nao akitunga uzi kwenye sindano. Gari lilipanda. Matope yalinijaa mdomoni, sikuthubutu kutema. Kwenye kona matako yakavutwa kushoto, mkahawa mmoja ukalala chini, kisha wa pili. Mama alikata usukani kidogo, kidogo tena. Haikuwa korongo kwake. Ilikuwa kichochoro cha Majengo, na safari hii hakukuwa na geti.

"Mbona mnashuka?" sauti ya Mjomba iliuliza.

"Tunapanda," Bibi alisema. "Nyamaza, dada yako ana kazi."

Tuliingia kihambani matako mbele. Ng'ombe alituangalia bila mshangao wowote. Mama alizima gari, akabaki ameshika usukani kama vile kazi haijaisha. Nililitua jiwe. Sikuwa na utani hata mmoja.

Bibi alishuka kwa bakora, akaigeuza simu Mjomba aone banda, migomba na mlango wa jiko. "Nguo zangu ziko kabatini," alimwambia, "na kabati halijahama." Kisha akakata mkungu wa ndizi akampa dalali, kwa sababu mgeni haondoki kwake mikono mitupu, hata aliyetaka kumwacha njiani.

Siku hizi gari ni letu, na siku ya kliniki gunia la pumba hukaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda, pua isipae tena. Mimi hukaa nyuma na Bibi, na jiwe langu miguuni.