Jogoo wa Mama Mkuu

Jogoo aliyepelekwa kwa Dzinkambani alikuwa ameshapikwa, na shida yote ilianzia hapo.

Kupikwa alipikwa vizuri, hilo simnyimi Mama Mkuu. Sista Alifonsina, ndilo jina la huyo mkuu wa watawa, alimkaanga mwenyewe kwa nyanya na vitunguu, akampanga kwenye bakuli lenye maua na firigisi juu, akafunika kwa kitambaa safi, akampa katekista alete kijijini kwetu. Yeye ni mtu wa Rumphi, huko kaskazini, na kwao ukitaka kumheshimu mtu unampikia kuku. Kwetu Dedza kuku wa ndoa huenda akiwa hai. Jogoo hutoka upande wa mume, tetea hutoka upande wa mke, na wanaobadilishana ni wale tunaowaita nkhoswe, watu wazima wanaosimama kila mmoja upande wake, ili mambo yakija kuharibika kuwe na wa kuitwa. Ukileta jogoo aliyechinjwa umesema mume ni maiti.

Dzinkambani alifunua kitambaa, akatazama, akafunika. "Kamwambie aliyekutuma kwamba mkwe nimemwona," akamwambia katekista. "Amekufa. Na mimi niliambiwa alifufuka."

Katekista hana breki ya mdomo. Kabla jua halijazama soko zima lilikuwa linacheka, ila mimi sikucheka, maana nilijua bibi harusi ni nani. Ni Talandira, mtoto wa Eneresi. Mimi na Eneresi tumekua pamoja, tumeolewa hapohapo kijijini na waume zetu wakatufuata, kama ilivyo kwetu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba yake Talandira, Lazalo, ni mtu mwema sana, lakini ruhusa yake ni kama ruhusa ya mgeni. Masista walipokuja kumwomba binti awe mtawa, bibi harusi wa Yesu, walimwomba yeye, akakubali, wakanywa chai wakaondoka. Dzinkambani, kaka wa Eneresi na mjomba mwenyewe, alikuwa shambani kwake, ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyemwita.

Wito wa Talandira uliingia mapema. Gari la masista la chanjo lilikwama kijitoni kwetu siku moja, na palepale mwanamke mmoja akashikwa na uchungu. Sista mmoja alikunja gauni lake akapiga magoti matopeni, akamzalisha. Talandira alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto. Tangu siku hiyo alikuwa akijifunga kitambaa kichwani na kuwahudumia mbuzi wa mjomba wake, na mjomba alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Aliyemsomesha ndiye huyohuyo, kwa tumbaku yake. Ndipo msichana akaingia utawani, akasomea ukunga, akaletwa zahanati ya misheni yetu ya Kanyezi, na kila mwaka akawa anaweka nadhiri upya. Mjomba hakupinga. Nadhiri ya mwaka mmoja ina mlango wa kutokea.

Sasa zilikuwa zimefika nadhiri za daima, na Talandira akasema bila mjomba wake hatasimama mbele ya altare. Mama Mkuu alimjibu kwamba Bwana Yesu hangoji mjomba wa mtu.

"Yeye hangoji, Mama," Talandira akasema. "Ninayengoja ni mimi."

Akamweleza kwamba mzee anataka jogoo na mtu wa kusimama upande wa pili. Hakusema jogoo awe hai, maana ni nani huku asiyelijua hilo? Ndivyo tukafikia lile bakuli.

Msidhani Dzinkambani alikuwa mkorofi tu. Mkorofi ni kweli, tena sana, lakini alikuwa na sababu. Dada yake mkubwa, Malita, aliolewa mbali na mwanamume ambaye hakuleta nkhoswe, na huko akafia. Eneresi ndiye dada aliyebaki, na Talandira ndiye binti pekee wa Eneresi. Baada yake ukoo ule hauna mtoto wa kike.

Wiki hiyo nilikuwa silali vizuri, na mtoto si wangu. Talandira alikuja kwa miguu kutoka misheni, akapiga magoti nje ya banda ambapo mjomba wake alikuwa akitunga majani ya tumbaku. Akamwomba msamaha kwa niaba ya watawa wote. Mzee aliendelea kutunga. Mwishowe alimwambia arudi kazini, wagonjwa wanamsubiri. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Kule zahanati wakasema Sista Talandira sindano anamwachia mwenzake. Sahani anairudisha jikoni imejaa. Ukimwuliza, anasema yu mzima.

Kwa Mama Mkuu hali haikuwa nzuri zaidi. Alipoelezwa kosa lake aliona aibu, na aibu ikageuka hasira, akasema hakuja Dedza kuhangaika na kuku. Askofu alikuwa ameshaalikwa, ng'ombe ameshanunuliwa. Nilikwenda kumwomba apeleke jogoo mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kuja, akanifungulia mlango. Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima, Mungu anisamehe.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa na Eneresi benchi la pili, Lazalo pembeni yake na tai ya kuazima. Joto lilikuwa kali, lakini Eneresi alikuwa amejizungushia kitenge kizito mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Nilipotaka kumlegezea, aliusukuma mkono wangu.

"Utazimia, mwenzangu."

"Niache," akasema. "Niache kabisa."

Kwaya ilikuwa imeshaanza aliposimama Dzinkambani mlangoni na koti lake jeusi. Vichwa vyote viligeuka, na hakuna aliyemtazama usoni. Tulitazama mikono. Mkono mmoja ulikuwa na fimbo, mwingine haukuwa na kitu. Hakubeba kapu wala tetea. Akakaa benchi la mwisho. Talandira alipita katikati na mshumaa wake, akamwona, akaona mikono, akaendelea kutembea.

Baada ya mahubiri akapiga magoti mbele ya Askofu, mgongo kwetu. Askofu akaita jina lake, akawataka wazazi wamlete. Lazalo akainuka, akamtazama mkewe. Eneresi hakuinuka. Talandira hakuitika. Kwaya ikanyamaza vipandevipande, sauti moja moja.

Nyuma fimbo ikagonga sakafu.

"Baba Askofu, samahani," Dzinkambani akasema. "Upande wa mume amesimama nani?"

Askofu, ambaye mama yake ni mtu wa huku, alimtazama, kisha akarudi kwenye kiti chake akakaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mama Mkuu alisimama, uso umekaza, akatoka kwa mlango wa sakristia. Nikajua amesusa. Nikaanza kuwaza tutamrudisha vipi msichana nyumbani, na tutamwambia nini njiani.

Akarudi. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, mzima, amefungwa miguu tayari, na shela yake imekaa upande. Alipita katikati ya kanisa lote mpaka kwa mzee, akapiga magoti kwenye saruji kama mwanamke wa kwetu, akamnyooshea jogoo.

Dzinkambani hakumpokea.

"Dada yangu Malita hakuwa na mtu wa kumsemea," akasema. "Alipougua hawakuniita. Alipokufa hawakuniita. Kaburi lake nilionyeshwa na mlevi, na mpaka leo sina hakika kama ni lenyewe. Huyu akiugua, nibishe mlango wa nani?"

"Wangu."

"Ninyi mnahamishwa."

"Nitakayemwachia nafasi yangu nitamleta kwako, mzee, umjue kwa sura."

"Na akionewa humo ndani? Akichoka, akitaka kwetu?"

Jogoo alikuwa anapapatika, Mama Mkuu akamtuliza kwa kiganja.

"Nitamrudisha mwenyewe, kwa miguu yangu," akasema. "Na mbele ya watu sitamsema vibaya."

Mzee akampokea jogoo. Alimpapasa kifua, akamtazama jicho, akaridhika kwamba ni mzima. Kisha akaita, bila kupaza sauti, "Eneresi."

Eneresi akafungua kitenge. Ndani, tumboni kwake, palikuwa na tetea mweupe, mdomo wazi kwa joto. Baadaye aliniambia kaka yake alimpa alfajiri, akamwagiza kwamba majibu yakiwa mabaya arudi naye hivyohivyo chini ya nguo, mtu asijue kwamba alikuwa tayari kumtoa. Masikini Eneresi, Misa nzima alikuwa amemkumbatia yule kuku na hakujua anakwenda wapi.

Muda wote huo Talandira hakugeuka. Aliyekwisha kupiga magoti mbele ya Askofu hageuki, ndivyo walivyomfundisha, na yote yale aliyasikia kwa mgongo. Mjomba wake alikuwa mtu mgumu, majibu yalikuwa maneno tu, na mtu huweza kuyasikia maneno asiyaamini. Lakini Mama Mkuu alipomchukua tetea mikononi mwa Eneresi, yule tetea alilia kwa nguvu, kanisa lote likasikia, nikaona mabega ya Talandira yanashuka.

Askofu akasimama, akaanza kumwita jina upya. Msichana aliitika kabla hajamaliza kulitaja.