Komunike niliyomwandikia Mama kwa Kifaransa kizuri

Wakuu, salamu nyingi kutoka Goma.

Hii nimekaa nayo miaka. Nimeiandika na kuifuta mara tatu kabla ya leo. Sina faida ya kuwadanganya, maana mwenye aibu humu ni mimi mwenyewe. Kiswahili changu kina Kivu nyingi ndani, munivumilie.

Mimi ni mtoto wa Masisi, kule milimani. Baba alitutoka nikiwa mdogo. Mama alilima maharagwe na viazi, akanisomesha mpaka chuo kikuu hapa Goma. Nilichagua Kifaransa: fasihi, uandishi wa kikazi na mambo ya media.

Kijijini walicheka mpaka basi. "Wenzake wanasomea udaktari, yeye anasomea kuongea!"

Mama hakujali. Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour, lakini nikienda likizo ananiambia nimsomee kitabu kwa sauti huku anachambua maharagwe. Haelewi hata neno moja, anatabasamu tu. Mimi hapo najiona nimefika, acha kabisa.

Nikiwa mwaka wa mwisho, vita ikaingia kwetu. Kijiji kilitawanyika asubuhi moja. Mama na mdogo wangu Furaha walikimbilia upande wa Walikale, msituni. Hayo niliambiwa na jirani aliyefika Goma miguu imevimba. Zaidi ya hapo, kimya. Simu zilikuwa hazijafika kule. Niliuliza kila aliyetoka njia ile, hata wabeba mizigo wa madini kutoka Bisie. Hakuna aliyewaona.

Wakati huo nilikuwa stage, yaani mazoezi ya kazi, kwenye redio moja ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuandika komunike.

Ngoja nieleze kwa walio mbali. Kwetu mtu akipotea, akifa, kanisa likiwa na mkutano, unapeleka karatasi redio, inasomwa saa sita mchana. Hiyo ndiyo komunike. Watu wanaacha majembe shambani kuja kusikiliza. Za kutafuta ndugu zinasomwa kwa Kiswahili na Kihunde, lugha ya kwetu milimani. Za Kifaransa, mara nyingi, ni za vifo vya watu waliosoma: mwalimu, ofisa, muuguzi. Ni heshima anayopewa msomi akifa. Hilo nililijua tangu utoto, sikuambiwa na mtu.

Mkuu wetu wa redio, Papa Deo, akaniambia, "Bahati, andika na yako. Mama yako anaweza kuisikia."

Nikaandika. Na hapa njo, yaani ndipo, niliharibu.

Ripoti yangu ya stage ilitakiwa kuwa na maandishi matano niliyoyatunga mwenyewe, na profesa wetu alikuwa anapenda mtindo kuliko chakula. Nikaona nafasi imejileta. Nikaandika kwa Kifaransa, sentensi ndefu zinazopanda na kushuka, kijana anamlilia mama yake aliyemezwa na msitu. Nilifuta na kuandika upya siku mbili. Nilipoisoma nikalia, halafu nikafurahi kwamba nimelia. Munanielewa lakini? Nilikuwa namtafuta Mama huku najipongeza.

Papa Deo aliisoma, akakuna kichwa. "Iko muzuri sana. Lakini mama yako anasikia Kifaransa?"

Nikamjibu kwamba padri atasikia, ao mwalimu, atamwambia.

"Tia basi na ya Kiswahili chini yake."

Nikasema nitatia kesho. Kesho kukawa na kazi nyingi. Wakuu, ni mistari mitatu tu! Sikuiandika. Ikasomwa ya Kifaransa peke yake, siku tatu mfululizo.

Wanafunzi wa stage tulikuwa haturuhusiwi kusoma hewani. Aliisoma mtangazaji wetu mwenye sauti nzito, yuleyule wa vifo. Mimi nimesimama nyuma ya kioo, natikisa kichwa kwa raha.

Muda ukaenda. Nikamaliza chuo. Profesa aliandika pembeni ya ile komunike kwamba ndiyo maandishi bora ya darasa letu. Redio wakanichukua kazi. Kila mchana nasoma karatasi za watu wanaotafuta watu, na yangu haijajibiwa.

Siku moja mchana nikaitwa getini. Kuna msichana anauliza habari za marehemu Bahati.

Nikatoka nikidhani ni utani. Msichana amekonda, kitenge kimechanika, kichwa kimenyolewa kama cha mfiwa. Kuniona tu akapiga ukelele, akaanguka, akaanza kujivuta nyuma kwa makalio.

"Furaha! Njo mimi!"

"Hapana. Wewe ulikufa."

"Nani alisema?"

"Redio! Redio ilisema! Nilikuya kutafuta kaburi yako, nilimwahidi Mama."

Nikamshika mikono. Akanipapasa uso, shingo, akanipiga kofi moja la nguvu, ndipo akanikumbatia. Nikamuuliza Mama yuko wapi. Akashika kichwa chake kilichonyolewa, na mimi nikajua.

Alinieleza akiwa amekaa palepale kwenye vumbi, hataki kiti.

Walikuwa wamefika mpaka Itebero, huko ndani. Waliposikia njia imetulia kidogo Mama akasema, "Twende Goma kwa Bahati." Wakarudi kwa miguu mpaka Kibua. Pale kulikuwa na duka la Papa mmoja mtu wa Butembo, aliyekuwa anaweka redio barazani ili watu wasikie komunike. Siku hiyo mwenyewe alikuwa amefuata bidhaa. Barazani walibaki akina mama wa shamba, hakuna ajuaye Kifaransa.

Redio ikataja jina langu. Ikataja jina la Mama. Ikataja kijiji chetu. Kwa Kifaransa, na sauti ile.

Mama mmoja akamgusa bega. "Pole, Mama Bahati. Ile sauti iko ya wafu."

Furaha akabisha, akasema labda kaka anatutafuta. Mama akamkatalia:

"Wangekuwa wanatutafuta, wangesema na Kiswahili. Mutoto yangu alisoma. Njo maana wanamulilia na Kifaransa."

Furaha anasema aliyasema hayo kwa kujivuna kidogo, machozi yanashuka.

Kesho yake kundi la watu liliondoka Kibua kuja Goma. Mama akakataa kwenda nao. "Goma niende kwa nani?" Akanyoa nywele, akageuka, akarudi Itebero. Akawa analala chini kama mfiwa anavyolala, na homa ikampata hapo chini. Dawa alikataa, chakula alikisukuma. Mwezi haukuisha. Walimzika kulekule, kwenye shamba la wenyeji waliowapokea.

Alikuwa njiani kuja kwangu. Mimi njo nilimurudisha.

Watu wananiambia vita ndiyo iliyomuua. Sawa, vita ina dhambi zake, na sitaifutia hata moja. Lakini mstari mmoja wa Kiswahili, "Mama, Bahati iko muzima, iko Goma, kuya," ungemfikisha. Mtoto wa darasa la tatu angeuandika. Mimi nilikuwa na miaka yote ile ya chuo kikuu.

Sikatai masomo yangu. Nafundisha Kifaransa mpaka leo, ndicho kinachonilisha. Ila wanafunzi wangu nawaambia hivi: kabla hujaandika, jua ni nani anakusubiri upande wa pili, na umwandikie huyo. Wanaandika kwenye daftari, wanadhani ni mambo ya mtihani.

Sasa, wakuu, kilichonileta kwenu ni hiki.

Kifo cha Mama hakijawahi kutangazwa redioni. Nilitaka kumtangaza kwa Kiswahili na Kihunde, Furaha akakataa kata kata. "Weka Kifaransa. Wewe ulililiwa na Kifaransa na hukukufa. Yeye alikufa kweli, yeye mama ya muntu aliyesoma. Unamunyima?"

Miaka imepita, sijaandika hata sentensi ya kwanza. Nikikaa mbele ya karatasi, maneno mazuri yanakuja yenyewe, na nayaogopa.

Mungekuwa ninyi, mungemwandikia kwa Kifaransa? Niambieni tu, hata wa kunitukana nitawasoma.