Dirisha la Shangazi Jele

Shangazi yangu Jele alizaliwa karibu na bahari kiasi cha kuinusa kitandani, lakini kutoka jikoni kwake hakuiona tena tangu utotoni. Msikimbilie kumhurumia yeye peke yake. Mtaa mzima tulikuwa hivyo hivyo, wajinga wa kujitakia.

Jeshi la majini lilipojenga kambi hapo chini yetu, lilitoa amri: kila dirisha linalotazama kambi lizibwe kwa matofali. Babu, baba yake Jele, aliliacha la kwake wazi? Thubutu! Alichanganya saruji mwenyewe, analia, analiziba. Miaka ikaenda, nchi ikavunjika, jeshi likafungasha virago, kambi ikabaki na paka na kutu. Madirisha tukayaacha vilevile. Ukimuuliza mtu kwa nini, anainua mabega. Mazoea yana taabu, jamani. Hata watoto waliozaliwa baada ya jeshi tuliwafundisha wasitazame upande ule.

Sasa wajenzi wamekuja. Karakana za nyambizi zitakuwa maduka na mikahawa, bwalo la askari litakuwa shule ya chekechea, gatini watu watatembea jioni, na kutakuwa na nyumba za kuishi. Mimi nilifurahi, sifichi. Binti yangu amepata kazi huko na habari za kwenda kutafuta kazi Ujerumani zimekwisha. Lakini kwenye ramani iliyobandikwa ukumbi wa mtaa, jengo moja la ghorofa tano lilikuwa limebanana na nyumba ya shangazi.

Shangazi akamwendea mhandisi, dada mmoja mpole aitwaye Senka.

"Mwanangu, mnanizika hai?"

"Mama, hapa kwako pana ukuta mtupu. Pangekuwa na dirisha, tusingeruhusiwa kusogea hivi. Lakini huna."

"Ninalo!"

"Liko wapi?"

"Chini ya matofali."

Senka akacheka, kisha akaona shangazi hacheki. "Kesho asubuhi napita kupima mara ya mwisho," akasema. "Nitakachokikuta ndicho nitakachokichora."

Shangazi alirudi nyumbani mbio, akaniita, akashika nyundo. Pigo la kwanza tu, mlangoni akatokea jirani yetu Mzee Tripo. Huyu alikuwa sajini wa kambi, na ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kukagua matofali.

"Jele! Weka nyundo chini. Amri haijafutwa."

"Amri ya nani, we Tripo? Jeshi liko wapi? Nchi yenyewe iko wapi?"

"Haijafutwa, nakwambia! Mimi ndiye niliyemsomea baba yako."

"Basi ifute wewe!"

Nilidhani mzee atatutukana. Aligeuka tu, akaenda kwake akaubamiza mlango.

Tuligonga mpaka viganja vikachubuka. Saruji ya babu ilikuwa ngumu, utadhani aliikoroga kwa hasira. Jioni tulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na shangazi akakaa sakafuni akalia. "Ivka, miaka yote hii nilikuwa namngoja nani aniambie fungua?" Niliumia sana kumwona vile.

Asubuhi Tripo huyo, amevaa koti lake la jeshi lisilofunga tumboni, mtaimbo begani. Akasimama wima mlangoni.

"Kwa amri ya... kwa amri yangu mimi, madirisha yafunguliwe!"

"Funga kifungo kwanza, sajini," shangazi akamwambia.

"Nyamaza, mwanamke. Nipishe."

Alichomeka mtaimbo, akasukuma, matofali yakaporomoka nje. Mtaa ukasikia. Wakasema kama Tripo mwenyewe anabomoa, sisi tunangoja nini? Nyundo zikaanza kulia nyumba hadi nyumba, vumbi likatanda. Senka alipofika na vyombo vyake vya kupimia alishika kichwa.

"Jamani! Jana mtaa huu ulikuwa kipofu!"

"Njoo ushike mwenyewe," shangazi alimwita, kichwa nje. "Fremu ya zamani ya jiwe hii hapa. Bawaba hizi hapa."

Senka akaja, akapapasa jiwe la kale, akapapasa bawaba zilizoliwa na kutu. Akachora. Jengo lile limesogezwa kando, na mbele ya shangazi patapandwa mizeituni.

Siku fremu mpya ilipowekwa, shangazi alimwalika Tripo marenda, chakula chetu cha saa nne asubuhi. Akamkalisha palepale dirishani, maandazi na asali mbele yake. Mzee aliitazama bahari, hajagusa chakula.

"Jele," akasema, "baba yako aliniomba nimwachie tundu dogo tu, la jicho moja. Nikamkatalia."

Shangazi akamsogezea sahani.

"Najua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Kula, Tripo, yatapoa."